Mavi ya kuku yasomwe asubuhi, kabla ya kisu na kabla ya kidonge

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, ukurasa huu kwa desturi unasema juu ya kofia ya kazi, viatu, taa na vumbi. Leo tunawaomba mtoke nasi mgodini, twende mpaka nyuma ya nyumba, penye kibanda cha kuku. Msicheke. Habari ya leo ni mavi ya kuku, nayo ni habari ya afya na ya mfuko pia.

Kazini, mtu mwenye akili haanzi kuchimba kabla ya kuangalia. Anatazama mwamba ulio juu ya kichwa chake, anaugonga kwa chuma na kusikiliza. Ukilia vizuri, mwamba ni mzima. Ukitoa sauti ya kitu kitupu, ndani kuna ufa. Ufa wenyewe hauonekani, lakini sauti imekwisha kutoa habari. Kuku naye ni hivyo hivyo. Matumbo yake huwezi kuyaona, lakini kila asubuhi anakuachia habari chini ya kijiti alicholalia. Mwenye kuisoma habari hiyo mara nyingi atajua ugonjwa mapema, kabla kuku hajainamisha kichwa na kushusha mabawa.

Hapa Mitwaba, watu wanajulikana tangu zamani kwa kazi ya kasiteriti, jiwe la bati. Lakini mshahara wa jiwe haufiki kila mahali, na kuku anafika pale mshahara usipofika. Kuku ni daftari na kalamu za mtoto mwezi wa Septemba. Kuku ni nauli ya kwenda hospitali. Kuku ni chakula cha mgeni aliyekuja bila kutoa habari, na yai ni nyama ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Kwa hiyo anayepoteza kuku kumi kwa juma moja amepoteza akiba ya nyumba, hata kama hakuna benki itakayomwandikia barua.

Sasa tazama tunavyofanya siku kuku anapohara. Kuna njia tatu, nazo zote tunazijua. Wa kwanza anachukua kisu: «Tumle kabla hajafa.» Wa pili anachukua kapsuli iliyobaki ya dawa ya mtu, anaifungua na kuimwaga katika maji ya kuku wote. Wa tatu anamfunga miguu na kumpeleka sokoni kabla jua halijapanda. Mimi nasema njia zote tatu ni mbaya, na ubaya wao ni mmoja: zinafanywa kabla ya kuangalia. Wakati mwingine kuku aliyechinjwa alikuwa mzima. Wakati mwingine aliyepelekwa sokoni alibeba kifo cha kuku wa kambi nzima.

Mavi mazuri yakoje

Lazima kwanza ujue mavi ya kuku mzima, kama vile fundi anavyojua sauti ya mashine inayokwenda vizuri. Asiyejua uzuri hawezi kutambua ubaya.

Mavi mazuri yana umbo. Ukiyasukuma kwa kijiti hayatiririki. Rangi yake ni ya udongo, au kijivu, au kahawia yenye kijani kidogo, na juu yake kuna kofia nyeupe. Kofia hiyo ndiyo mkojo wa kuku. Ndege hakojoi maji kama mbuzi. Figo zake zinatoa uchafu mweupe kama chokaa, unaotoka pamoja na mavi kwa njia moja. Basi ukiona weupe juu ya mavi magumu, usishituke.

Halafu kuna mavi ya namna ya pili, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kuku ana matumbo mawili ya pembeni yaliyofungwa upande mmoja, kama mifuko. Ndani yake chakula kinachacha. Mifuko hiyo inajitoa uchafu wake mara chache kwa siku, karibu mara moja katika kila mara nane au kumi ambazo kuku anakwenda choo. Mavi yake ni laini, yananata, rangi yake ni kahawia iliyoiva au ya haradali, na harufu yake ni kali. Mtu anayaona, anasema: «Kuku anahara.» Hapana. Kuku huyo anakuonyesha kwamba matumbo yake yote yanafanya kazi.

Ongeza na mambo haya manne yanayotisha watu bure:

Kuku anayeatamia mayai hushuka mara moja au mbili tu kwa siku. Mavi yake ni makubwa kama ngumi ya mtoto na yananuka sana. Amejizuia asichafue mayai, basi.

Kuku aliyekula majani mengi, kama mabaki ya sombe au majani ya viazi, hutoa mavi ya kijani. Kesho yake, akila mahindi, rangi inabadilika.

Siku za joto kali kuku hunywa maji mengi, na mavi yake huwa na maji. Akiwa anakula, anakimbia na kuparua, mtilie maji safi kivulini na umwache.

Kipande kidogo chembamba chekundu au cha rangi ya chungwa, kama uzi wa ute, kinaweza kutoka mara moja moja. Ni ngozi ya ndani ya tumbo inayojibadilisha. Kikionekana mara moja kisirudi, si ugonjwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mavi ya mara moja hayamhukumu kuku. Tazama mavi ya usiku mzima chini ya kijiti, halafu mtazame kuku mwenyewe. Anakula? Anakimbia wenzake? Kilemba chake ni chekundu? Ukiwa na mashaka, mtenge peke yake chini ya tenga kubwa, na chini yake weka ubao au mfuko safi wa unga. Kesho asubuhi utajua mavi ni ya nani na yakoje.

Damu ni kengele

Damu iliyo wazi, au mavi ya rangi ya chokoleti yenye ute mwekundu, hasa kwa vifaranga wa majuma matatu mpaka manane, ni kengele ya hatari. Ugonjwa unaotazamiwa kwanza unaitwa koksidiosi. Unaletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachokula ngozi ya ndani ya matumbo. Kifaranga anajikunyata, manyoya yamesimama, anafumba macho juani. Akiachwa, anakufa kwa kuishiwa damu na maji.

Lakini sikilizeni jambo hili, kwa maana ndani yake kuna kinga isiyo na bei. Mayai ya kijidudu hicho, yanapotoka pamoja na mavi, hayawezi kumdhuru kuku mwingine palepale. Yanahitaji hewa, ujoto na unyevu, na muda wa siku moja mpaka mbili, ndipo yaive na kuwa na nguvu ya kuleta ugonjwa. Basi anayetoa mavi kila asubuhi anayatoa kabla hayajaiva. Anayengoja siku ya mungu ndipo afagie anayaacha yaive, tena vifaranga wanayala pamoja na chakula kilichomwagwa chini. Wakati wa masika, sakafu ya kibanda inapolowa kuanzia Novemba mpaka Aprili, ndipo ugonjwa huu unapopata nafasi yake nzuri.

Ukiona damu, fanya hivi siku hiyo hiyo. Tenga wagonjwa. Toa nyasi zote zilizolowa, choma au fukia. Weka nyasi kavu au maranda ya mbao. Inua chombo cha maji juu ya matofali ili vifaranga wasichafue maji kwa miguu. Halafu tafuta dawa yenyewe: amproliumu, au dawa za jamii ya salfa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuku. Zinatiwa katika maji ya kunywa, kwa kipimo na kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Usiache siku ya pili kwa sababu damu imekoma.

Kijani, maji, na ukimya

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa. Mavi ya kijani kibichi yenye maji, si ya kuku mmoja bali ya wengi, na kuku wenyewe hawataki kula. Mmoja anapumua kwa kufungua mdomo. Mwingine amepindisha shingo kama anatafuta kitu angani, mwingine anaburuta mguu au bawa. Kesho wamekufa watatu, kesho kutwa saba. Hapo usizungumze tena juu ya tumbo. Yaelekea ni ugonjwa wa Newcastle, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita kideri au mdondo. Jina la Newcastle linatoka katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambako ugonjwa ulionekana mwaka 1926. Mwaka uleule ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Tangu hapo umezunguka dunia, na katika Afrika ndio unaofagia kuku wa vijijini kuliko magonjwa mengine.

Ugonjwa huu unaletwa na virusi. Hauna dawa. Nasema tena: hauna dawa, si ya hospitali, si ya mizizi, si ya pilipili katika maji. Kuna chanjo tu, nayo hutolewa kwa kuku aliye mzima bado. Anayechanja siku kuku wamekwisha kuanza kufa amechelewa.

Na hapa ndipo ninapomkemea yule ndugu wa sokoni. Virusi vya Newcastle vinatoka kwa wingi katika mavi na katika mate ya kuku mgonjwa. Vinasafiri kwa viatu, kwa tenga, kwa magurudumu ya baiskeli, kwa mikono ya mwuzaji. Kuku mmoja anayehara kijani akiuzwa asubuhi sokoni, jioni amelala katika lupango wa mtu mwingine pamoja na kuku kumi wasio na kosa. Aliyemwuza amepata franga chache. Jirani amepoteza kibanda kizima. Na juma lijalo jirani naye atafanya vilevile, atauza waliobaki. Hivyo ndivyo tunavyojimaliza wenyewe. Kazini, mtu anayeficha waya uliochunika ili zamu ifuatayo iukute, tunamwitaje? Basi na huyu wa sokoni mwite jina lilelile.

Kuku wakianza kufa wengi, fanya haya: usiuze, usigawe, usihamishe. Waliokufa wafukiwe chini sana au wachomwe moto. Wasitupwe kichakani ambako mbwa watawarudisha, wala mtoni ambako watu wanateka maji. Mpashe habari munganga wa mifugo, yule tunayemwita veterinere, au ofisi ya serikali ya mifugo katika teritware. Sababu yake ni nyingine pia: kuku wengi wakifa ghafula, inaweza kuwa homa ya ndege. Mwaka 2017 homa hiyo ilithibitishwa katika nchi yetu, kwa bata na kuku wa Ituri, kando ya ziwa Albert. Kutoa habari mapema si kujishitaki. Ni kuwaokoa wengine.

Nyeupe, na minyoo

Mavi meupe yenye maji, bila sehemu ya kahawia, yanaonyesha kwamba kuku hali kitu, au figo zake zina taabu, au kuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza. Kwa vifaranga wa siku za kwanza, tazama nyuma. Kama uchafu mweupe umenata na kuziba njia, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe, mpe ujoto. Mara nyingine ni baridi tu. Lakini kama wanakufa mmoja baada ya mwingine hivyo, ugonjwa unaweza kuwa wa jamii ya salmonela, na kuna namna yake inayotoka kwa mama kupita ndani ya yai. Mayai ya kuku huyo usiyaatamishe tena.

Minyoo inaonekana kwa macho. Ile ya mviringo ni myeupe, kama makaroni membamba, urefu wa kidole au zaidi. Ile ya tegu inatoa vipande vidogo kama punje za mchele vinavyosogea katika mavi mabichi. Kuku mwenye minyoo anakula sana lakini hanenepi, kifua chake ni kikali kama kisu, na mayai yanapungua. Kuna dawa za minyoo za kuku, kama piperazini na levamisoli. Lakini piperazini inatoa ile ya mviringo, haitoi tegu. Unaona faida ya kuangalia? Aliyeyaona mavi anajua anunue dawa gani. Asiyeyaona ananunua kwa bahati.

Kidonge cha mtu si dawa ya kuku

Sasa juu ya zile kapsuli. Watu wengi wameniambia: «Lakini mimi nilitia tetrasiklini katika maji, na kuku wakapona.» Inawezekana walipona. Kuku wengine hupona wenyewe, na wengine hawakuwa wagonjwa, ilikuwa yale mavi ya kunata tuliyoyasema. Lakini tetrasiklini haiui virusi vya Newcastle. Haitoi minyoo. Wala si dawa ya koksidiosi. Inapigana na bakteria tu, tena si wote, tena kwa kipimo chake. Kuimwaga ovyo kunafundisha bakteria kuizoea, na bakteria walioizoea hawabaki kwa kuku tu. Siku mtoto wako atakapolazwa, munganga atatoa dawa ileile nayo haitafanya kazi.

Na jambo jingine: dawa inaingia katika yai na katika nyama. Kila dawa ya kuku ina siku za kungoja, zilizoandikwa kwenye karatasi, kabla ya kula yai au nyama yake. Kapsuli iliyonunuliwa moja moja sokoni haina karatasi. Basi unampa mtoto yai pamoja na dawa ambayo hakuna aliyeipima.

Na yule wa kisu? Kuku mgonjwa asichinjwe kwa ajili ya meza. Kijidudu cha koksidiosi ya kuku hakimshiki mtu, lakini salmonela inamshika, na anayekupasulia kuku mgonjwa jikoni ni bibi yako au binti yako, kwa mikono mitupu, karibu na mboga za kula.

Mavi na watoto, mavi na mapafu

Tumesema mavi yanaonyesha afya ya kuku. Tuseme pia yanavyogusa afya ya watu. Mwaka 1990 ilitolewa habari ya watafiti waliokaa katika nyumba za mtaa wa maskini wa Lima, nchi ya Peru, ambako kuku walizunguka ndani bila kufungiwa. Waliwaona watoto wadogo wakipeleka mavi ya kuku mdomoni, tena si mara moja kwa siku. Wakina mama, hamhitaji kwenda Peru kuliona jambo hili. Mtoto anayetambaa anaokota kila kitu. Na hata mavi ya kuku anayeonekana mzima yanaweza kubeba salmonela na kampilobakta, vinavyomharisha mtoto vibaya. Kwa hiyo kuku walale nje, katika kibanda chao, si jikoni chini ya meza. Mahali pa mtoto pa kuchezea pazungushiwe kitu. Na kila aliyeshika kuku, yai au mavi aoshe mikono kwa sabuni. Majivu yanafaa pale sabuni isipokuwepo.

Ninyi mnaochimba, sikieni neno juu ya vumbi. Mnajua kwa nini kwenye mashine ya kutoboa mwamba kunatiwa maji: vumbi la jiwe likiingia mapafuni halitoki, na mapafu yaliyojaa vumbi hilo yanapatwa upesi na kifua kikuu. Basi mtu wa namna hiyo asiingie siku ya kupumzika katika kibanda kilichofungwa, akafagia mavi makavu ya miezi mitatu mpaka vumbi likawa kama moshi. Vumbi la mavi makavu ya ndege linabeba ukungu na vijidudu vinavyoingia mapafuni. Fanya kama kazini: nyunyiza maji kwanza, funika pua na mdomo, fungua mlango, watoto wakae mbali. Mavi yaliyotoka yarundikwe mbali na kisima na yafunikwe, yakae miezi kadhaa mpaka yaoze kabisa. Ndipo yatakapokuwa mbolea nzuri ya mahindi. Mabichi yanaunguza mimea, na yakitiwa kwenye mboga yanarudisha ugonjwa katika sahani.

Kile ambacho mavi hayasemi

Haki ni kusema pia mpaka wa ujuzi huu. Kuna jambo moja ambalo mavi hayatakuonyesha, nalo linatuhusu sisi watu wa migodi kuliko wengine. Ni metali. Katika Kabwe, nchi ya Zambia, penye mgodi wa zamani wa risasi na zinki, watafiti waliandika mwaka 2013 kwamba walikuta risasi nyingi katika maini na figo za kuku waliojitafutia chakula karibu na mgodi. Na hapa Katanga, mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa habari kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao. Kuku anaparua udongo kutwa nzima. Kama udongo una metali, naye anazo, na mavi yake yanaweza kuwa mazuri kabisa, yenye umbo na kofia nyeupe.

Kwa hiyo usiwaache kuku waparue mahali unapofulia nguo za kazi, wala mahali jiwe linaposagwa au kuoshwa. Na jiwe lenyewe lisisagwe katika lupango, penye watoto na kuku. Hilo ni shauri la kwanza kuliko yote, na halihitaji munganga.

Shauri letu

Najua mtakavyojibu. «Veterinere yuko mbali. Lubumbashi, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu, ni safari ya mamia ya kilomita, na wakati wa mvua barabara ni matope. Dawa ni ghali.» Ni kweli. Lakini kuangalia si ghali. Kijiti cha kugeuzia mavi hakinunuliwi. Kufagia kila asubuhi hakuna bei.

Na juu ya chanjo ninayo hoja, nayo naiweka mbele ya wafanyakazi na mbele ya wakubwa pia. Iko chanjo ya Newcastle inayoitwa I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo haitaki jua wala kutupwa ovyo. Tanzania na Msumbiji wameitumia miaka mingi. Ni tone moja katika jicho la kuku, na inarudiwa kila miezi minne. Shida ni hii: chupa moja ina dozi za kuku mia na zaidi, nayo ikifunguliwa haikai. Mtu mwenye kuku wanane hawezi kununua chupa ya kuku mia mbili. Lakini mstari mmoja wa nyumba unaweza. Nyumba ishirini zikichanga, kila moja itatoa kidogo sana.

Basi ninaomba halmashauri za usalama na afya za kambi ziweke siku ya chanjo ya kuku, mara tatu kwa mwaka, na moja ya siku hizo iwe mwezi wa Agosti, kabla ya joto la Septemba na Oktoba ambapo mara nyingi kuku hufa wengi. Watu watasema kuku si kazi ya kampani. Mimi nasema mfanyakazi ambaye mtoto wake anahara, na ambaye akiba yake imekufa kibandani kwa juma moja, anaingia kazini na kichwa kisichotulia. Na kichwa kisichotulia ndicho kinachosahau kugonga mwamba.

Lakini siku hiyo ya chanjo isipowekwa bado, wewe usingoje. Anza kesho asubuhi, na mfanye zamu ninyi na watoto wenu wakubwa, kwa maana mtoto wa miaka kumi anaweza kujifunza kusoma mavi katika juma moja.

Kumbuka:

Umbo na kofia nyeupe: kuku ni mzima, endelea na kazi yako.

Laini, ya kahawia, ya kunata, mara chache kwa siku: ni desturi ya kuku, usichinje.

Damu: tenga, kausha, tafuta dawa ya koksidiosi leo, si kesho.

Kijani ya maji kwa kuku wengi, shingo zimepinda, wanakufa: usiuze, fukia waliokufa, mpashe habari veterinere.

Punje za mchele au makaroni: ni minyoo, chagua dawa yake.

Kuku mpya kutoka sokoni: akae peke yake majuma mawili, na mavi yake yasomwe kila siku kabla ya kumchanganya na wengine.

Mavi yatolewe kila asubuhi, yamenyunyiziwa maji, na mikono ioshwe.

Usalama ni kuangalia kwanza. Mgodini na nyumbani, ni usalama mmoja.